Chaki na Mafuta ya Taa

"Nitayabadilisha mimi," alisema Pindo, na meza nzima ikamgeukia.

Hakuwa mtu wa kutupa maneno. Jina lenyewe la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu nguo ikishatoka mikononi mwake huwezi kuona pindo lake lilishonwa wapi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi nyuma ya cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba ile, akipunguza suruali, akipanua magauni, akigeuza kola za mashati yaliyochakaa ili yaanze maisha mapya. Spana alikuwa hajawahi kuishika. Ndiyo maana mumewe alikiweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mabuti ya ekseli?" aliuliza. "Wewe?"

"Mimi."

Wifi yake, dada wa huyo mume, aliangua kicheko hadi maji ya kunywa yakampalia. Huyu mtaani walimwita Honi, kwani hajawahi kufika popote bila kupiga honi tangu kona ya kwanza.

"Mwache, kaka!" alisema alipopata pumzi. "Wewe kazi yako kudunga watu sindano, na mwenzio kazi yake kudunga nguo sindano. Tofauti ni kwamba nguo hazilii."

Mume, ambaye alikuwa nesi katika hospitali ya mjini, alitabasamu kidogo, lakini macho yake hayakutabasamu. Jambo lililokuwa mezani lilikuwa zito. Pikapu ya buluu aliyoiacha marehemu baba yao ilikuwa imeshindwa ukaguzi mara mbili, na mara zote mbili kwa kosa lilelile: mabuti manne ya ekseli za mbele yamepasuka. Buti la ekseli ni mpira mweusi wenye mikunjo, kama mkono wa blauzi uliotiwa lastiki, unaofunika kiungo kinachopinda gurudumu linapokata kona. Ndani yake hukaa grisi. Mpira ukichanika, grisi hurushwa nje, mchanga hupata njia ya kuingia, na kiungo huanza kujitafuna kidogo kidogo.

Ukaguzi wa tatu, ambao ulikuwa wa mwisho, ulipangwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi. Kaka na dada walikuwa wamekubaliana tangu mwezi uliopita: ikishindwa mara ya tatu, inauzwa kwa yule bwana anayenunua magari ya kukata vyuma. Namba yake ya simu ilikuwa tayari kwenye simu ya nesi.

"Si kwamba silipendi gari la baba," nesi alimwambia dada yake. "Lakini siku ile ulipokwama na mvua barabara ya machimbo, nilikutafuta masaa matatu. Sitaki kurudia."

Honi alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya mtaa, na kila siku ya Mungu alipakia kwenye pikapu ile miparachichi, mipera na maua ya uani, akayapeleka mashuleni na majumbani. Tangu ajifunze kuendesha, miaka kumi na sita sasa, hajawahi kumwomba mtu lifti, na hakuwa na mpango wa kuanza uzeeni. Alichezea ufunguo mezani, akauzungusha, akauzungusha tena. Pindo aliutazama ule ufunguo. Hapo ndipo maneno yalipomtoka.

*

Fundi magari wa pale kona alikuwa amebanwa na kazi hadi Jumatano, lakini maarifa yake hakuyabania. Ijumaa asubuhi na mapema aliwapokea Pindo na Honi mlangoni huku akipiga mswaki, akawauzia mabuti manne mapya, kisha akawaazima jeki, vigingi viwili vya kuegemezea gari, soketi kubwa ya kufungulia nati na kipande cha bomba cha kurefushia mpini wake.

"Fundi mwenzangu," alimwambia Pindo, na hakuwa anatania. "Hiyo gari niliisikiliza wiki iliyopita. Haijaanza kulia. Mpira umekufa lakini viungo vizima. Ikianza kulia ka-ka-ka kwenye kona, sahau habari ya mabuti."

"Kuna cha kuogopa?" aliuliza Pindo.

"Kimoja tu." Fundi aliokota chuma kikuukuu kutoka kwenye lundo akamwonyesha. "Upande wa ndani wa ekseli kuna kidude hiki cha miguu mitatu. Kila mguu una kigurudumu chake, na kila kigurudumu kina mfereji wake humu ndani ya kikombe. Vimezeeka pamoja. Kabla hujavitenganisha, weka alama, kila mguu urudi kwenye mfereji wake na uso utazame kulekule. Ukivichanganya vitagombana, na gari italia kabla hujamaliza mtaa."

"Kuweka alama? Basi?"

"Basi. Mengine ni uchafu na subira."

Njiani kurudi, Pindo alitembea kwa mwendo wa mtu aliyepewa mtihani anaoujua. Kuweka alama ndiyo ilikuwa kazi yake. Hajawahi kukata kitambaa kabla ya kukichora, na hajawahi kufumua koti la mtu kabla ya kila kipande kupata namba yake.

Waliegesha pikapu uani, kwenye sakafu ya saruji karibu na kamba ya kuanikia nguo. Pindo alitandika shuka kuukuu, akapanga juu yake makopo ya vifungo yaliyo tupu, moja kwa kila aina ya nati. Alifunga kitambaa kichwani, akavaa koti la mumewe la zamani, akaanza upande wa kulia.

Nati ya katikati ya gurudumu ilikataa katakata. Pindo alivuta bomba hadi mishipa ya shingo ikasimama. Ikabaki imetulia kama haijaambiwa kitu.

"Pisha," alisema Honi. Alipanda kwenye ncha ya lile bomba kwa miguu yote miwili, akashikilia kioo cha pembeni. Mungu hakumnyima uzito. Nati ilitoa mlio kama wa mlango wa stoo, ikaachia.

"Umeona?" Honi alishuka akijifuta mikono. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunufaika na unene wangu, tena usiende kuwasimulia wateja wako."

"Upande wa pili nao unakusubiri," alijibu Pindo.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Gari liliinuliwa na kuegemezwa, gurudumu likatoka, nati sita za upande wa ndani zikaingia kwenye kopo lake, na kabla ya saa nne ekseli ya kulia ilikuwa imelala juu ya shuka kama mguu wa kiti kilichovunjika. Buti la ndani lilikuwa limechanika kuzunguka mkunjo mmoja, na grisi nyeusi iliyochanganyika na mchanga ilikuwa imeganda hadi katikati ya chuma.

Pindo alikata mipira ya zamani kwa kisu. Alivuta kikombe taratibu hadi miguu mitatu ikaonekana. Kisha akatoa mfukoni chaki yake ya buluu, ile bapa ya kuchorea nguo, akaifuta grisi kwa kitambaa sehemu tatu, akachora. Mstari mmoja kwenye mguu, mstari mmoja kwenye mfereji wake. Mistari miwili na miwili. Mitatu na mitatu. Kwenye uso uliotazama nje alichora mshale. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake, akaridhika nayo.

Ndipo akachukua koleo, akatoa pete ya chuma iliyokuwa ikizuia kile kidude, akakigonga kidogo kidogo hadi kikatoka. Akakitia kwenye beseni la mafuta ya taa pamoja na kikombe chake.

Aliosha kama anavyofanya kila kitu, bila haraka na bila kuruka mahali. Mswaki wa zamani uliingia katika kila pembe. Mchanga ulishuka chini ya beseni, na chuma kikaanza kung'aa kwa mng'ao wake wa kizee. Alikausha kipande cha kwanza kwa kitambaa safi, akakiinua kwenye jua.

Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Aliinua kikombe. Nacho kilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Pindo aliketi chini. Chaki ya fundi cherehani imetengenezwa ifutike. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo sababu yeye huagiza ile ya buluu na si nyingine: ukimaliza kushona, unapitisha kitambaa chenye unyevu, na mteja hajui kama nguo yake iliwahi kuchorwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akijivunia chaki isiyoacha kumbukumbu.

"Wifi," aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alama zimekwenda."

Honi alikuja, akatazama, akaelewa. Alijikuna kichwa kwa kidole cha kati, kile pekee ambacho hakikuwa na grisi.

"Basi tubahatishe. Si miguu ni mitatu tu?"

"Mitatu, na nyuso mbili. Ni njia sita, na iliyo sawa ni moja."

"Moja kwa sita." Honi alifikiri. "Mimi niliolewa kwa matumaini madogo kuliko hayo."

Siku nyingine Pindo angecheka. Honi naye aliona kwamba mzaha wake umeanguka chini, akachuchumaa kando yake.

"Nimwambie kaka ampigie yule bwana?" Honi aliuliza, kwa sauti ambayo Pindo hakuwahi kuisikia kwake. "Sitakulaumu, wifi yangu. Umejaribu kuliko mtu yeyote."

Pindo alikigeuza kile kidude mkononi. Alikigeuza tena, polepole zaidi.

"Nipe nusu saa," alisema. "Na nataka mwanga wa dirisha langu."

Alibeba vipande vyote viwili ndani ya gazeti hadi chumba cha mbele, akaviweka mezani pale mwanga wa asubuhi unapoangukia kitambaa. Alivaa miwani ya kutungia sindano. Alianza kutazama kama anavyotazama nguo ya mtu asiyemjua.

Maana nguo iliyovaliwa miaka mingi huweka siri za mwenye nayo. Mwaka mmoja aliletewa koti ambalo fundi mwingine alilifumua likamshinda, mikono yote iko kwenye mfuko wa plastiki, haina alama. Pindo aliijua mikono ile kwa kiwiko. Mmoja uling'aa pale mwenye koti alipoegemea meza ya ofisi, na mwingine ulikuwa umepauka kwa jua upande wa dirishani. Hakuna aliyemwambia. Koti lenyewe lilimwambia.

Chuma nacho kilikuwa kimevaliwa.

Alianza na nyuso. Upande mmoja wa kidude ulikuwa na duara jembamba linalong'aa, pale pete ya chuma ilipoubana kwa miaka yote. Upande wa pili ulikuwa umefifia. Basi duara ndilo lililotazama pete. Njia sita zikawa tatu.

Kisha akaingia kwenye mifereji, akapitisha ukucha juu ya kila mmoja. Mfereji wa kwanza ulikuwa laini. Wa pili ulikuwa laini. Kwenye wa tatu, ukucha ulikwama. Alisogeza karibu. Kulikuwa na kovu dogo, halizidi punje ya mchele, pale chembe ya mchanga ilipopita ikasagwa. Mchanga haukwaruzi upande mmoja tu. Akachukua vigurudumu, kimoja baada ya kingine, akavizungusha mbele ya dirisha. Cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa na kovu lile lile, urefu ule ule.

Pindo alishusha pumzi. Aliweka kovu juu ya kovu, akasukuma kidude ndani ya kikombe, akakipeleka mbele na nyuma. Kiliteleza bila kunong'ona, kama droo ya cherehani iliyopakwa mafuta. Lakini hakuwa mtu wa kuamini jibu kwa sababu tu analipenda. Alikitoa, akakijaribu kwa njia ya pili. Kikakwaruza kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwenye haraka asingehisi. Njia ya tatu, hivyo hivyo. Akazijaribu hata zile tatu za uso wa kinyume, moja moja, ndipo akarudi kwenye ile ya kwanza, na kidude kikatulia nyumbani kwake.

Honi alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia pumzi tangu alipofika.

"Vipi?"

"Imejitaja yenyewe," alisema Pindo.

Honi alipiga kelele moja ambayo majirani waliidhani honi. Kisha akatoweka, akarudi na kichupa kidogo kutoka kwenye mkoba wake.

"Ekseli ya pili, hakuna cha chaki," alisema. "Rangi yangu ya kucha. Nyekundu hii haitoki hata kwa maombi."

*

Mchana ulipita bila mtu kutazama saa. Kila kiungo kilioshwa, kikajazwa grisi mpya kutoka kwenye vifuko vilivyokuja na mabuti. Mara moja tu Honi, kwa shauku, alitaka kurudisha kidude kwenye ekseli kabla ya buti kupita, na Pindo akamshika mkono.

"Mpira kwanza, wifi. Ni kama lastiki ya kiuno. Ukishona kabla hujaipitisha, unafumua."

"Haya, mwalimu."

Mikanda ya chuma ya kubana mabuti Pindo aliifunga mwenyewe. Ncha zake alizikunja kwa koleo, akazilaza chini, akazipitishia kidole kuhakikisha hazishiki kitu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Mkono wake haukujua kuacha ncha inayoning'inia.

Saa kumi na nusu nesi alirudi kutoka kazini. Alimkuta mkewe ana grisi hadi viwikoni, na dada yake amekaa juu ya gurudumu la akiba akifunga kichupa cha rangi ya kucha. Alitazama chini ya gari. Mabuti manne meusi yalikuwa yamekaa mahali pake, mapya, mikunjo imepangika.

"Limewaka?" aliuliza.

"Kuwaka liliwaka tangu zamani," alisema Honi. "Sasa tunataka kusikia. Wewe si ndiye bingwa wa kusikiliza vifua? Njoo utembee ubavuni."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mtupu wenye nyasi fupi. Honi alikata usukani hadi mwisho, kushoto, akaliachia gari litembee polepole likizunguka. Nesi alitembea kando yake na sare yake nyeupe, mkono mmoja juu ya bodi, kichwa amekiinamisha karibu na gurudumu. Mzunguko mmoja. Wa pili. Akaonyesha kwa kidole: upande wa kulia sasa.

Kulia ndiko kulikokuwa na ekseli iliyopoteza alama. Pindo alisimama katikati ya uwanja, mikono ameikunja ndani ya lile koti, na pikapu ikamzunguka. Alisikia injini. Alisikia nyasi zikilala. Moyo wake mwenyewe ulimpigia kelele hadi akauonea aibu.

Nesi aliinua mkono. Gari likasimama.

"Rudia," alisema. "Polepole zaidi."

Wakarudia. Safari hii aliinama karibu zaidi, akafumba macho, akatembea hivyo hatua ishirini nzima. Kisha akanyooka.

"Kuna kitu kinalia."

Honi alizima injini. Pindo hakusogea.

"Kinalia huku," nesi aligonga mlango wa nyuma wa pikapu, ukatikisika kwenye bawaba zake, "kama kilivyolia tangu nikiwa darasa la tano. Kule chini hakuna kitu. Kifua safi."

Honi aliruka chini, akamkumbatia kaka yake na grisi yake yote, sare ikaharibika. Nesi hakulalamika. Alimtazama mkewe juu ya bega la dada yake.

"Nimerudia kusikiliza kwa sababu nilitaka kusikia kitu," alimwambia. "Bora nikwambie. Mara ya kwanza sikusikia, nikaona nimesikiliza vibaya."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilisikiliza vizuri."

Pindo aliona kwamba hilo lilikuwa jibu la mtu mwaminifu, na akalipokea hivyo.

*

Jumamosi saa tatu, mkaguzi aliingia chini ya pikapu na tochi yake. Alikaa huko muda mrefu kuliko walivyopenda. Alipotoka, alikuwa anajifuta magoti.

"Haya mabuti amefunga nani?"

Honi alimnyooshea kidole Pindo, ambaye alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Mama ana gereji wapi?"

"Nina cherehani," alisema Pindo.

Mkaguzi alimtazama kuona kama anataniwa. "Ncha za mikanda zimekunjwa," alisema. "Sijawahi kuona mtu anakunja ncha." Akapiga muhuri.

Nesi alimpigia simu mnunuzi wa vyuma pale pale, mbele yao, akamwomba radhi kwa adabu. Kisha akaifuta ile namba.

Jumatatu, Pindo alikuwa mezani kwake, sketi ya shule imetandazwa mbele yake, chaki ya buluu mkononi. Chini ya kucha zake bado kulikuwa na mstari mweusi ambao sabuni haikuuweza, akawa ananawa kila anaposhika kitambaa cheupe. Ndani ya ekseli ya kushoto, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika kwa miaka mingi, kulikuwa na vidoa vyekundu. Ya kulia haikuwa na kitu, wala haikuhitaji.

Honi ilisikika tangu kona ya mtaa. Pindo alisimamisha cherehani, akainua kichwa, akatega sikio. Hakuwa anaisikiliza honi. Alisubiri hadi pikapu ilipokata kona ya nyumba yao, imejaa miche, usukani umekatwa hadi mwisho.

Kimya.

Akarudisha mguu kwenye pedeli.